Kula Wewe, Ardhi

Mchuzi ukiletwa mbele ya Anyesi, kwanza aliutazama kama mtu anayetafuta viluwiluwi kwenye maji ya kunywa. Akiona jicho la mafuta linaelea, basi tena. Alichukua kijiko, akaliengua polepole, akainama pembeni ya mkeka na kulimwaga chini, mbele ya mwenye nyumba aliyempikia, bila haya hata chembe. Halafu akasema maneno yake yale yale ambayo kijiji kizima cha Haneti kiliyajua:

"Kula wewe, ardhi. Wewe huna matiti."

Watu wakacheka, mwenye nyumba akameza uchungu wake, na Anyesi akala mchuzi uliobaki, mweupe kama maji ya kuoshea mchele.

Hakulianza jambo hilo kwa madaha. Mama yake alikufa Anyesi akiwa bado anachota maji kwa kidumu cha mtoto. Alikufa na kidonda cha ziwa. Nyumba ilinuka hata ndugu waliokuja kumjulia hali walikaa nje, upande ambao upepo unatokea, wakamsalimia kupitia dirishani. Hakupimwa mahali popote. Bibi mzaa baba ndiye aliyetoa hukumu, akiwa anapepeta uwele uani: "Ni yale mafuta ya mkia wa kondoo. Alipomzaa huyu tulimlisha kupita kiasi. Yalishuka ziwani yakagandia humo." Mtoto alikuwa amekaa karibu na ungo. Akalisikia, akalifungia moyoni, akakua nalo.

Basi akawa mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye mwendo wa haraka na ulimi wa haraka zaidi. Aliolewa na Petro, mtu mpole wa mbuzi na karanga, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikula mlenda usiotiwa hata tone la mafuta, na samli aliionjea kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Angelina, binti wa mjomba wake Anyesi. Na hapo ndipo penyewe, maana kwao mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Wanatupiana maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani sasa hivi watashikana nguo, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ameshindwa. Utani huo hauishii hata kwenye msiba. Mtani ndiye anayevaa kanga ya marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake mbele ya jeneza, mpaka wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka mashavuni. Tangu usichana wawili hao walikuwa wamekwisha ahidiana: atakayetangulia, mwenzake atamwigiza, tena bila huruma.

Angelina alikuwa mwanamke mkubwa. Akikaa kwenye kigoda, kigoda hukioni. Alikuwa na ng'ombe wake, na kila asubuhi aliweka kibuyu cha maziwa mapajani, akakisukasuka huku akiimba, mpaka siagi ikajitenga. Akaichemsha ikawa samli, na harufu yake ikavuka ua ikaenda kumkera Anyesi.

"Mbukwa, pipa!" Anyesi alimsalimia kutoka ng'ambo ya ua.

"Mbukwa, ufagio! Upepo wa jana haukukupeleka Chemba?"

"Nilijishika kwenye kivuli chako. Kinatosha kufunga mbuzi wote wa Petro. Kitendawili!"

"Tega."

"Ng'ombe wangu hukamuliwa na ng'ombe."

"Huyo ni mimi, mshenzi wewe!" Angelina akacheka, kibuyu kikaruka mapajani. "Na wewe tega masikio. Kibanda changu fito ziko nje, udongo umeisha!"

Ndivyo walivyoishi, na ungewauliza wangekwambia kwamba wanapendana. Walipendana kweli. Ila Anyesi alikuwa na tabia moja: akiona neno limeingia, halichomoi. Analisokomeza.

Siku moja Erica, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja kuzungumza na wanawake uwanjani pa kanisa. Alikuwa binti mdogo kwa umri, mwenye subira, na alianza kwa shikamoo. Akaeleza saratani ya matiti ni nini, akaonyesha namna ya kujipapasa kwa vidole, akataja dalili: uvimbe, ngozi kujikunja, chuchu kuingia ndani. Wanawake walikuwa wanatazamana kwa aibu, wengine wanafunika kicheko kwa kanga.

Anyesi akasimama. "Mwanangu, sema basi mbele ya watu. Mafuta ndiyo yanaleta?"

"Mama, hilo wataalamu wenyewe bado wanabishana," Erica akasema. "Wapo walioona kwamba kula mafuta mengi kunaongeza hatari kidogo, wapo walioangalia wasilione hilo. Kinachojulikana vizuri zaidi ni unene uliozidi, hasa kwa mama ambaye hedhi imekwisha koma. Umri nao. Na kama kwenye ukoo wenu yupo aliyeugua, mama au dada, hapo uwe macho zaidi. Lakini mwembamba pia anaugua. Asiyegusa mafuta pia anaugua. Kwa hiyo kila mtu ajipapase, na akiona kitu aje mapema."

Maneno yalikuwa mengi, na Anyesi aliyapita yote kama mtu anayechambua mchele, akaokota moja tu. Unene. Mama, dada, ukoo, mwembamba, aliviacha kwenye ungo.

"Mmesikia?" akawageukia wenzake, kidole kikimwelekea Angelina. "Huyu amejichimbia shimo kwa kijiko cha samli!"

Uwanja ukaangua kicheko. Angelina naye akacheka, kwa kuwa ndiyo sheria. Erica peke yake hakucheka. Alisema, "Mama, sikusema hivyo," na hakuna aliyemsikia.

Kuanzia hapo utani ukaota meno. Angelina akipita, Anyesi anauliza matiti yameamkaje. Angelina akichelewa kisimani, Anyesi anawaambia watu wachimbe kaburi la watu wawili, maana la mtu mmoja halimtoshi. Kilele kilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa Angelina, watu wamevaa, muziki umenyamazishwa kidogo ili wazee waseme. Anyesi akamwita Henry, fundi seremala, aliyekuwa amekaa na soda yake. Akatoa kamba ya katani aliyokuja nayo makusudi, akaizungusha kiunoni kwa Angelina mbele ya wakwe.

"Henry, shika ncha hiyo! Mpime mapema huyu, mbao za hapa Haneti hazitoshi, itabidi uagize!"

Henry, kijana wa watu, akashika ncha. Wakwe wakacheka mpaka wakafuta macho. Angelina naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kutoka, kama maji kwenye bomba lenye hewa. Anyesi alikuona kule kuchelewa. Akafurahi.

Jumatatu yake kibuyu cha Angelina hakikusikika asubuhi. Wala Jumanne.

Na ni wiki hiyo hiyo, Anyesi akijimwagia maji bafuni kwake nyuma ya nyumba, sabuni ikateleza, mkono wake ukapita chini ya titi la kushoto ukakwama. Palikuwa na kitu. Kidogo, kigumu kama punje ya karanga mbichi. Akakibonyeza. Hakikuuma. Akasimama pale maji yanamchuruzika mpaka akaanza kutetemeka kwa upepo, na fikra ya kwanza iliyomjia haikuwa ya ugonjwa wala ya mama yake. Ilikuwa hii: Angelina asijue.

Kwa maana utani ni deni la mdomo, na yeye alikuwa amekopesha miaka mingi. Aliiona siku ya kulipwa jinsi itakavyokuwa: kisimani, kanisani, uani. Ufagio umeota jipu! Aliyelisha ardhi mafuta, ardhi imemrudishia! Angecheka vipi, na kucheka ni lazima?

Halafu akaanza kutafuta mafuta yalikoingilia. Akakumbuka. Harusi ya Chemba, kwa yule mfanyabiashara Abdulkadiri anayenunua mbuzi wa Petro. Alikula pilau kwa heshima ya wenyeji, na sahani haikuwa na mchuzi wa kuengua, mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya mchele. Ndiyo hayo! Basi kama yaliingia kwa mdomo, yatafia njaa. Kuanzia siku hiyo akaacha na hivyo vichache alivyokuwa akila. Karanga akaacha, eti zina mafuta ndani. Maziwa akaacha, yai akaacha, kuku akaacha. Akabaki na ugali wa uwele na mlenda wa chumvi.

Akakonda mwanamke ambaye hakuwa na cha kukondea. Kila siku bafuni alipapasa, na kila alipopapasa aliona punje imekuwa kubwa zaidi. Ilikuwa inakua kweli. Na nyama iliyoizunguka ilikuwa inaondoka, ikaiacha wazi kama jiwe mtoni wakati wa kiangazi. Yeye akaelewa kwamba bado kuna mafuta mahali fulani mwilini hajayamaliza, akapunguza na ugali.

Petro alimuuliza mara moja, "Mama, unaumwa?"

"Naumwa kuulizwa," akamjibu, na mzee wa watu akarudi kwa mbuzi wake.

Ilipotangazwa siku ya upimaji wa bure kwenye hospitali ya mjini Dodoma, Angelina alivuka ua asubuhi na mapema. Alikuwa amepungua, kanga imezungushwa mara mbili. Hakusema mbukwa ya ufagio. Alisema, "Nisindikize. Naogopa. Tangu ile siku ya kamba silali."

"Pipa linaogopa kugongwa!" Anyesi akasema, lakini alikwenda kuvaa viatu.

Mjini walikuta foleni ndefu ya wanawake kwenye mabenchi chini ya turubai. Erica alikuwepo, ndiye aliyewaleta wanawake wa upande wa Haneti, akipita huku na huku na chupa ya maji. Angelina alipoitwa ndani, Erica akamshika Anyesi mkono kwa adabu.

"Mama, na wewe utaingia baada yake."

Benchi zima likageuka. Anyesi aliyaona macho yale, yakisubiri burudani. Ulimi ukamtangulia.

"Mimi nina nini cha kushikwa? Wanipime mbavu?"

Wakacheka sana. Mama mmoja mgeni akampigia makofi. Erica akabaki amemshika mkono. "Mama, nakuomba. Wembamba hauzuii."

"Mwanangu, wapime wenye mizigo. Mimi sina hata mfuko."

Wakacheka tena. Erica akauachia mkono.

Angelina akatoka anafuta machozi. Moyo wa Anyesi ukaruka, na tusidanganyane, haukuruka kwa huzuni. Uliruka kama wa mtu aliyekuwa peke yake gizani akasikia hatua za mwenzake. Kumbe si mimi tu. Kumbe na yeye.

"Hakuna kitu!" Angelina akasema, akilia na kucheka pamoja. "Wameangalia kote, wamesema hakuna kitu! Wameniambia nipunguze mwili tu, kwa ajili ya presha na magoti na hayo mengine. Hakuna kitu, Anyesi!"

Akamkumbatia. Anyesi akajipinda haraka ili upande wa kushoto usiguswe. Angelina akasimama kidogo, akamtazama. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo haikuwa ya utani, "Ingia na wewe. Mlango uko wazi, hakuna mtu ndani sasa hivi. Mimi nitakushikia kanga."

Mlango ulikuwa wazi kweli. Daktari alionekana amekaa, anasubiri, kalamu mkononi. Anyesi akaitazama ile kalamu. Kusema moja kwa moja hakuweza. Akaenda kwa njia aliyoizoea.

"Kitendawili."

"Tega," Angelina akasema, akishangaa.

"Mgeni wangu hakupiga hodi. Namnyima chakula, naye ananenepa."

Angelina akafikiri. Wanawake wa benchi nao wakafikiri, maana kitendawili kikitegwa hadharani ni cha wote.

"Kupe," akasema mmoja.

"Kupe anakunywa damu, huyo hanyimwi. Mwingine."

"Mimba!" akasema mwingine.

"Kwa umri huu? Mwingine."

"Nimeshindwa," Angelina akasema. "Nakupa mji. Chukua Kibaigwa."

"Kibaigwa nimekwenda," Anyesi akaanza. "Nimekuta malori ya mahindi yamejipanga. Nimekuta madalali wanapiga kelele. Wamenipa kiti, nimekaa, nimekula nikashiba. Nikarudi. Na jibu nimerudi nalo..."

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limefika kwenye meno. Akainua macho, akaliona benchi zima limeinama mbele, na Angelina mwenyewe, uso bado una machozi, lakini pembe za midomo zimeanza kupanda, tayari kucheka kama kawaida yao.

"...jibu ni tumbo lako, pipa wewe!"

Turubai likatikisika kwa vicheko. Angelina akampiga begani, "Mshenzi!" Daktari akanyanyua kichwa, akaona hakuna anayeingia, akamwita mwingine. Mlango ukafungwa.

Mvua zikaja, zikaisha. Uwele ukavunwa. Punje ikawa jiwe, jiwe likapasuka.

Petro hakuambiwa na mtu, aliambiwa na harufu. Aliijua, kwani alikuwa kijana wa kijiji kile kile mama mkwe wake alipokuwa anakufa. Safari hii hakuuliza. Alikodi gari, akambeba mkewe mikononi kama mtoto, mwepesi ajabu, akampeleka mjini. Wakapima, wakapiga picha, wakasema ugonjwa umekwisha sambaa kwenye mapafu na mifupa. Wangeweza kupunguza maumivu tu. Wakampa dawa za maumivu na za kuoshea kidonda.

Erica alikuja kumfunga bandeji nyumbani. Anyesi akamuuliza, na ndilo swali pekee aliloona lina maana, "Ni pilau la Chemba, mwanangu?"

"Si pilau, mama."

"Mafuta ya mkia wa kondoo, niliyonyonya kwa mama?"

"Hapana, mama. Huenda ni damu ya ukoo, huenda ni kitu kingine, sitakudanganya kwamba najua. Lakini ile siku ya turubai uvimbe ulikuwepo, ukiwa bado mdogo, sivyo?"

Erica akamaliza kufunga, akakusanya pamba zake. Hakuongeza neno, na Anyesi alitamani angeongeza, hata tusi.

Jioni yake Angelina akavuka ua. Alifunua kanga, akaona. Akakaa kwenye kigoda, mikono yake mikubwa imelala mapajani kama imekufa.

"Ndiye yule mgeni," akasema mwishoni. "Asiyepiga hodi."

"Umechelewa kutegua," Anyesi akasema, akajaribu kucheka. "Nirudishie Kibaigwa yangu."

Angelina hakumrudishia. Alisema, "Pole, dada."

Dada! Tangu wazaliwe hakuwahi kumwita dada. Kesho yake alikuja tena, akamuosha, akambadilisha shuka, akamlisha. "Pole, dada. Geuka kidogo, dada." Anyesi akamchokoza, "Pipa, umerudia samli wewe, nakusikia unavyopumua." Angelina akasema, "Ndiyo, dada." Akamchokoza kwa mama yake, kwa magoti yake, kwa binti yake aliyeolewa. "Ndiyo, dada. Pumzika, dada." Siku zikapita hivyo. Anyesi, ambaye aliufia utani kwa kuuogopa, sasa aliuomba kama maji.

"Nitukane basi!" akamwambia siku moja, machozi yanamtoka. "Moja tu. Niite ufagio!"

"Wewe mgonjwa, dada," Angelina akasema kwa upole. "Mgonjwa hatukanwi." Akampa uji.

Uji ulikuwa na samli. Anyesi aliliona jicho la mafuta linaelea, la dhahabu. Mkono ukaenda kwenye kijiko kwa mazoea, ukainuka nusu, ukaanguka. Angelina akachota, akamtia mdomoni. Akameza. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kula, na alikuwa ameimwaga chini maisha yake yote.

Siku ya Jumamosi, mchana, Henry fundi alipita kumjulia hali. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema "Shikamoo mama, pole," na macho yake yakatembea taratibu kutoka kichwani hadi miguuni, yakarudi. Hakuwa na kamba. Hakuihitaji.

Alipotoka, Anyesi alisinzia. Kicheko ndicho kilichomwamsha. Wanawake walikuwa jikoni nje, wanamenya karanga za watu watakaokuja msibani, na katikati yao ilisikika sauti. Kali, kavu, ya haraka. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Mimi nina nini cha kushikwa? Wanipime mbavu?"

Wanawake wakacheka, mmoja akisema, "Hasa! Ndiye!" Angelina aliijua kazi yake. Alikuwa anajizoeza.

"Ngoja, ngoja, la kijiko," akasema mwingine.

Kukawa kimya. Anyesi hakuwaona, lakini alijua: Angelina ameinama pembeni ya mkeka, kidole kidogo juu, anaengua.

"Kula wewe, ardhi..."

Kicheko kikafunika yaliyobaki. Ndani, Anyesi alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo, akaita. "Angelina!"

Kicheko kikakatika. Angelina akaingia, amejifuta uso, macho bado mekundu kwa kucheka, midomo imekwisha tulizwa.

"Umeamka, dada? Pole."

"Rudia. Nisikie mimi." Akavuta pumzi. "Hapo mwisho sauti nashusha. Wewe umepandisha."

"Rudia nini, dada? Tulikuwa tunaongea mambo ya karanga tu."

Akamfunika vizuri, akamtengenezea mto, akatoka na kuusukuma mlango nyuma yake. Kule nje mtu akasema, "Shh." Karanga zikaendelea kulia kwenye ungo. Baada ya kitambo, polepole, akaisikia tena ile sauti yake ikijaribu neno la mwisho, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ikalishusha sawasawa.